Fundi wa chokaa aliyetuokolea nyumba ya mlango wa kijani, Mji wa Kale

Nyota nne na nusu. Rivyu ya fundi hii, si ya hoteli, na naiandika kirefu makusudi kwa sababu najua wengi hapa Mombasa mna nyumba za mababu Mji wa Kale na kila siku mnaambiwa bomoeni mjenge flati.

Nyumba yetu ni ya bibi mzaa mama, iko kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu, na kama umekulia huku bas ushawahi kuambiwa "ukifika mlango wa kijani kata kushoto". Ndo hiyo. Maharusi hupita hapo, jeneza hupita hapo, watoto wa chuo cha Kurani hukaa kwenye baraza yake jioni wakingoja adhana. Sisi twaiita nyumba yetu lakini kusema kweli ni ya mtaa.

Miaka kadhaa nyuma ukuta wa chini ulianza kumeguka, tukaita kontrakta mmoja akapiga plasta ya simenti ndani na nje, ikapendeza kweli, tukamshukuru. Masika ya pili ukuta ukaanza kulia. Ukiweka kiganja kinatoka na unga mweupe, ukionja ni chumvi tupu, halafu plasta ikavimba ikawa yaanguka mapande mapande na kila pande laondoka na jiwe. Kontrakta alipoitwa tena akasema nyumba imezeeka, dari yote imekwisha, dawa ni kuangusha. Ami yangu nusura akubali, tulikua tumechoka sana.

Huyu mzee tuliletewa na jirani. Siku ya kwanza hakushika hata mwiko, alipanda ngazi na nyundo ndogo akawa agonga boriti moja moja huku ametega sikio. Boriti nzima yalia kavu kama hodi, iliyooza yatoa sauti kama umegonga gunia la mchanga. Chumba cha mbele kina boriti 29 za mkoko na mbovu zilikua nne, zote kwenye ile ncha inayoingia ukutani pale paa lilipokua likivuja. Nne! Na sisi tulishaambiwa dari yote.

Kuhusu ukuta aliniambia, "Mwanangu, jiwe la matumbawe lanywa maji, na likinywa lazima liteme. Simenti imeliziba mdomo." Yaani unyevu na chumvi vikikosa pa kutokea vinalila jiwe kwa ndani, lakini chokaa yapumua, maji yanapita yanakauka. Fort Jesus imejengwa kwa matumbawe na chokaa tangu 1593, bahari iko pale chini yake, na kuta bado zimesimama.

Bas akaibandua simenti yote polepole kwa patasi, akazima chokaa kwenye mapipa akaiacha majini wiki tatu mpaka ikawa laini kama mtindi, ndo akaanza kupiga, tabaka jembamba halafu angoja, tabaka jingine angoja, na kila asubuhi na jioni vijana wake wananing'iniza magunia yaliyoroweshwa ukutani ili isikauke kwa haraka ikapasuka. Masika yamepita, nimeweka kiganja ukuta ule ule, kimetoka kikavu. Nililia wallahi.

Jambo jingine, alikataa kugusa roshani mpaka twende ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale kwanza, maana huku ni eneo la hifadhi na huwezi kubadilisha sura ya nyumba kwa kupenda kwako. Yule wa kwanza hakututajia hata siku moja.

Nusu nyota nimeitoa kwa sababu ya muda. Alisema miezi miwili na nusu ikawa minne, na kuna siku alikua haji wala hapigi simu, kumbe boriti hazijafika. Angesema tu, tungeelewa. Bei pia ni juu kuliko simenti, jitayarisheni, ila sisi tulilipa mara mbili kwa kutojua.

Sasa mlango. Ami alitaka rangi ya mafuta itolewe, tabaka sita zilikua, mzee akakwangua kwa kisu siku nane, na kwenye mfaa, ule mti uliosimama katikati ya mlango, yakatokea maua na mnyororo wa nakshi ambao hata mamangu hajawahi kuuona, ulikua umefukiwa na rangi. Mti mwenyewe mwekundu mashallah. Lakini jirani yetu, bibi wa makamo ya bibi yangu, alisimama pale amekunja mikono akauliza, "Na wageni wangu sasa watafikaje?" Mzee hakumpuuza. Alikuja kutuuliza, tukakaa barazani tukazungumza, tukakubaliana mlango ubaki mti wake na madirisha yote ya mbele yapakwe kijani kile kile, akachukua kipande cha rangi ya zamani mpaka dukani ili ifanane.

Juzi nimemsikia yule bibi kwenye simu aelekeza mgeni. "Njoo mpaka kwenye mlango wa kijani," amesema, "ule usio wa kijani tena."