Kutembea au fiziotherapia (tiba ya viungo na misuli) kwa mjamzito?

Kwa gharama, kutembea kunashinda: barabara ya mtaani haina ada, ingawa msitu wa Karura, Nairobi, hutoza kiingilio. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kabla na baada ya kujifungua, iwapo daktari hajakukataza.

Lakini kutembea hakutakuambia kwa nini mkojo unakuponyoka ukikohoa. Mtaalamu wa fiziotherapia hukupima, akakufundisha kukaza na kulegeza misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo. Dada, tatizo hilo huwapata wengi, ila si la kuvumilia!

Huna maumivu? Tembea. Umejifungua kwa upasuaji, au nyonga zinauma? Mwone mtaalamu kwanza. Ukiwa mjamzito ukatokwa na damu au maji, acha mazoezi, nenda hospitali.