Nikon Z8, wiki tatu Mtwara: kamera isiyo na pazia

Mtwara kuchele! Karibuni tena, ndugu zangu. Leo nipo Mikindani, ghuba hiyo nyuma yangu, maji yamekupwa na ngalawa mnaziona zimelala kwenye tope. Hii mkononi ni Nikon Z8. Si yangu. Ni ya kaka yangu wa kazi aliyeko Dar, kaniazima kwa wiki tatu, na hakuna kampuni iliyonilipa wala kuniomba niseme lolote. Wengi mmeniuliza kama mpiga picha wa huku kusini ana sababu ya kutoa fedha zote zile. Nimepiga nayo harusi mbili, ngoma moja, shamba la korosho na hapa kwenye mikoko, kwa hiyo nitawaambia nilichokiona.

Kwanza tumalizane na megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Z8 inazo 45.7. Sasa, Nikon D850 iliyotoka 2017 inazo hizo hizo 45.7. Mtu akikushawishi uinunue hii kwa sababu picha zake ni kubwa, mwambie ukubwa huo tunao siku nyingi. Kilichobadilika ni kasi ya kuisoma picha, na hapo naomba mnisikilize vizuri, maana kamera nzima imejengwa juu ya jambo hilo moja.

Sensa ya kamera, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, husoma picha mstari kwa mstari, toka juu kwenda chini, kama unavyosoma barua. Ikiwa inasoma polepole, kitu kinachokimbia kinakuwa kimeshahama kabla haijafika mstari wa mwisho, na kwenye picha kinatoka kimepinda. Ndiyo maana kamera tulizozoea zina shata, pazia dogo linalofunguka na kujifunga mbele ya sensa, ndilo linalotoa ule mlio. Kwenye Z8 nyuma ya sensa pamebandikwa kumbukumbu yenye mbio sana, na picha nzima inasomwa ndani ya kipande kidogo kuliko sekunde moja uliyoigawa mara 250. Kwa mwendo huo pazia halina kazi tena, na Nikon wakaliondoa kabisa. Walianza na Z9 mwaka 2021, kamera ya gramu 1,340. Mei 2023 wakaichukua sensa ile ile wakaitia kwenye mwili huu wa gramu 910, betri na kadi zikiwa ndani. Mtu aliyewahi kusimama ukumbini toka saa mbili usiku mpaka saa nane anajua shingo inavyoshukuru kwa tofauti hiyo.

Kwa nini nashikilia habari ya pazia? Kwa sababu pazia huchakaa. Shata ya D850 ilijaribiwa kiwandani kwa picha 200,000. Fanya hesabu ya kazi zetu: harusi moja picha 2,000, harusi mbili kwa wiki, mwaka mmoja tu umefika hapo. Na sisi tulio Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, shata ikifa tunaipeleka wapi? Mimi shata ya kamera yangu ya zamani iligoma nikiwa Masasi, bwana harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini. Nikamalizia shughuli kwa kamera ya kuazima, kisha ya kwangu nikaifunga kwenye boksi, ikapanda basi kwenda Dar, zaidi ya kilomita 500, na nikakaa wiki sita bila kazi. Kwa hiyo nikiambiwa kuna kamera ambayo kifaa hicho hakimo, sihitaji kushawishiwa sana. Haina maana kwamba haiharibiki. Ila kile kinachotuangusha mara nyingi, humu hakipo.

Halafu ukimya. Harusi ya kwanza ilikuwa nikaha msikitini. Mnajua pale shehe anapomshika bwana harusi mkono, watu wote wametulia wanasubiri aseme "nimekubali". Kwa miaka yote nimekuwa napiga picha mbili, tatu, basi, kwa sababu kila mlio wazee wanageuka. Safari hii nilipiga mpaka nikatosheka, hakuna kichwa kilichogeuka, na nilimpata baba wa binti akifuta machozi sekunde ile ile neno lilipotoka.

Lakini hapa nisimame kidogo, hasa kwa vijana wanaoanza. Kamera isiyosikika haikupi ruhusa. Mlio ule ulikuwa unamwambia mtu kwamba amepigwa picha; sasa kazi ya kumwambia ni yako. Omba kabla. Na kwenye unyago na jando, yale ya ndani, usipige hata kama kamera yako ni kimya kama kaburi. Hayo si ya kwetu kuyaanika. Kama unataka watu wasikie, kwenye menyu kuna sauti ya kuwasha. Mimi mtaani naiwasha.

Twende kwenye ngoma. Nilikwenda kwenye mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, na mjue lipiko halichezi pale ulipolipangia. Mchezaji anatetemeka, anageuka, anakimbilia watoto, vumbi juu. Nilitumia fokasi, ule mfumo unaolenga kitu kitoke wazi bila ukungu, aina inayoitwa 3D: unaweka kiboksi juu ya kinyago, unabonyeza, kiboksi kinakifuata kinyago popote kwenye fremu. Akigeuka, kinageuka naye. Mpiga ngoma akipita mbele, kinasubiri kisha kinarudi. Kasi ni picha 20 kwa sekunde kwa RAW, yaani faili ghafi lisilobanwa ubora, 30 kwa JPEG kubwa, yaani faili la kawaida lililobanwa, na hata 120 ukikubali JPEG ndogo za megapikseli kama 11. Na unapopiga, kioo cha kuchungulia hakizimiki. Kwenye kamera ya zamani kila picha ilikuwa giza kidogo machoni, unampoteza mtu katikati. Humu unaona kila kitu bila kukatika, kama unaangalia dirishani. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko hizo 20.

Sasa ukumbini kuna jambo la kujifunza. Taa za LED, zile za jukwaani na zile kubwa za skrini, huwaka na kuzimika haraka mno, jicho halioni, ila sensa inaona, na picha inatoka na mistari ya giza iliyolala. Kwenye kamera isiyo na pazia lazima ulizingatie hilo. Dawa imo ndani: kuna mpangilio wa kupunguza mistari ya taa za aina hiyo. Ukiuwasha, spidi ya kupigia picha unaiongeza na kuipunguza kwa hatua ndogo ndogo sana badala ya zile kubwa za kawaida, huku unaangalia skrini, mpaka mistari inafifia. Fanya hivyo mapema, maharusi hawajaingia. Mimi inanichukua dakika mbili, na nikishapata ile namba naiandika kwenye simu na jina la ukumbi.

Kingine nilichokipenda kiko shambani. Wenyeji mnajua msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ukoje: unga wa njano hewani, kwenye nguo, kwenye nyusi. Kubadilisha lenzi pale ni kuitafutia sensa balaa. Z8 ina ngao inayojishusha mbele ya sensa ukiizima, ukiweka hivyo kwenye menyu. Kwa hiyo zima kwanza, ngao ishuke, ndipo utoe lenzi, mdomo wa kamera ukielekea chini. Ngao yenyewe usiiguse kwa kidole wala kitambaa, ni nyembamba. Tumia kipulizio cha mpira. Mwili nao umezibwa dhidi ya vumbi na matone ya maji, ila chumvi ya bahari ni adui wa kila kitu, ukirudi kutoka ufukwe wa Msimbati ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Hapo Msimbati, saa saba mchana, mchanga mweupe unaumiza macho, bado niliweza kufungua lenzi ya 50 mpaka f/1.8, yaani tundu lake likiwa wazi sana, bila kuvalisha kioo cheusi cha kupunguza mwanga. ISO, kipimo cha wepesi wa sensa kwa mwanga, inaanzia 64, na spidi inafika 1/32,000 ya sekunde. Kanzu nyeupe ilibaki na mikunjo yake, na uso mweusi chini ya kofia ulikuwa na rangi yake halisi. Ukiangaza sana sehemu za giza kwenye kompyuta, chembechembe zinajitokeza mapema kidogo kuliko za D850, kwa hiyo usizoee kupiga giza ukitegemea kurekebisha baadaye.

Ndege: toleo la programu namba 2.00 la mwaka 2024 liliongeza utambuzi wa ndege, na ni bure. Leo asubuhi nimekaa kwenye mikoko hii namsubiri mdiria. Yule ndege haagi, unamwona amekaa, mara yuko majini. Kamera inaweza kuhifadhi hadi sekunde moja ya kabla hujabonyeza, kwa JPEG tu. Nilibonyeza nimechelewa, na picha ya anavyoruka kutoka kwenye tawi nikaikuta. Sijawahi kuipata picha hiyo maishani mwangu.

Gharama za kificho ziko kwenye kadi za kuhifadhia picha. Kuna matundu mawili, moja la CFexpress aina ya B, kadi yenye mbio, moja la SD ya kawaida, na hayalingani. RAW 20 kwa sekunde, hata zikibanwa mpaka MB 30 kila moja, ni MB 600 kila sekunde. SD haiwezi kumeza kiasi hicho. Ukitaka nakala mbili kwa wakati mmoja, kama ninavyofanya harusini, SD ndiyo itakayokuvuta nyuma. Na CFexpress si kitu utakipata dukani pale sokoni, agiza mbili kabisa kabla ya kazi. Weka pia fedha ya diski za nje, maana harusi moja inajaza nafasi kubwa.

Betri ni ndogo, kipimo cha kiwandani ni picha kama 330 kwenye kioo cha kuchungulia. Ukipiga mfululizo zinakuwa nyingi zaidi, ila mimi natembea na tatu. Inachajiwa kwa USB-C, pawabenki nzuri inatosha vijijini. Kioo cha kuchungulia kina nukta milioni 3.69, Canon R5, kamera ya washindani wao, ina milioni 5.76, nimeiona tofauti nilipoziweka pamoja, kazini nikaisahau. Skrini haigeuki kukutazama, kwa hiyo hii video nimejirekodi na simu. Video inafika 8K, lakini sijaitumia ya kutosha, na hayo nawaachia wenye kazi hiyo.

Bei yake kule Marekani ilipotoka ilikuwa dola 3,999, kwa shilingi ni karibu milioni 10 kabla ya ushuru na usafiri. Kwa anayepiga pasipoti na picha za studio, hapana, kamera ya robo ya bei hiyo itamtosha. Kwa mwenye harusi kila wiki, mwenye ngoma, mpira wa pale uwanja wa Nangwanda, ndege, na ambaye tayari ana lenzi mbili nzuri, ndiyo, na sema nimesema mimi. Kama lenzi huna, anza na lenzi.

Mimi nimeanza kudunduliza. Hii inapanda basi kesho alfajiri kurudi kwa mwenyewe, na kabla haijaenda, maji yameanza kujaa hapo nyuma, wavuvi wanasukuma ngalawa. Ngoja niwakimbilie na hizi dakika za mwanga zilizobaki.