Mikanda ya sakafu ya lamineti: upi ununue ukiwa Malindi

Fundi wangu alimaliza sebule jioni, sakafu ikang'aa, tukampa chai na mahamri. Masika yalipokolea, pale mlangoni ikaanza kuvimba kama chapati iliyo motoni. Nilipong'oa mkanda nikaona kosa: misumari ilikuwa imepenya mpaka kwenye lamineti yenyewe, yaani zile mbao za sakafu za unga wa mbao ulioshindiliwa. Lamineti hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, ndiyo maana huachiwa nafasi ya milimita 8 hadi 10 kandokando ya kuta. Mkanda kazi yake ni kuificha nafasi hiyo tu. Ukiibana sakafu, itatafuta pa kutokea, nayo hutokea juu.

Mlangoni, nambari moja ni alumini iliyopakwa rangi kiwandani. Vyumba vikilingana kimo, chukua wa umbo la T, ukitumbukia katikati ya pengo na kushikwa kwenye saruji ya chini. Lamineti ikikutana na vigae vilivyo chini zaidi, chukua wa mteremko. Pima tofauti ya kimo kwa rula kabla ya kwenda dukani. Muuzaji atakwambia "zote sawa", na si kweli. Wa MDF, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa na kufunikwa karatasi, usiuweke mlangoni hata ukipewa bure. Mchanga tunaoingia nao miguuni hukwangua ile karatasi ya juu mpaka unga wa mbao uonekane.

Ukutani, naanza na plastiki ya PVC: hailowi, na mchwa hawana haja nayo. Wa pili ni mvule. Bei yake inauma, lakini seremala anaweza kuuranda ufuate ukuta uliopinda, na nyumba zetu za mawe ya matumbawe hazijui mstari ulionyooka. MDF nauweka mwisho, ingawa ndio unaofanana zaidi na rangi ya sakafu. Uweke chumba cha kulala, tena kama nyumbani kwako hakuna mtu wa kupiga deki kwa ndoo nzima.

Ongeza kama asilimia 10 juu ya vipimo, kwa sababu pembe za nyuzi 45 hula mbao. Mikanda ya mbao na MDF ilaze chumbani saa 48 kabla ya kukata, izoee hewa ya humo. Kisha ifunge ukutani, kamwe si kwenye sakafu. Msumari katika lipu ya chokaa humong'onyoa tu. Toboa kwa drili, tia plagi ya plastiki, halafu skrubu za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida, kwa chumvi ya huku, hulia machozi ya kahawia ukutani.

Kabla hujamlipa fundi, pitisha karatasi kati ya mkanda na sakafu. Ikikwama, mwambie afungue upya.