Fundi wa Kondele aliyenitengenezea intaneti ya desktopu, nampa tano kwa tano

Niko na saiba kidogo huku Mamboleo, Kisumu, kompyuta ni mbili tu, laptopu yangu na desktopu ya zamani yenye printa. Waifai inashikwa na laptopu peke yake, desktopu haina kadi ya waifai, na kazi za watu, eCitizen ya huduma za serikali, KRA ya kodi, HELB ya mkopo wa wanafunzi, zote zinatokea hapo kwa printa. So nilikuwa nataka kitu kimoja tu, laptopu igawie desktopu intaneti kwa waya.

Nilianza na fundi mwingine wa tao, jina naliacha. Akaniuzia waya mia nane ati ni ule spesho wa kompyuta kwa kompyuta, akaja akabonyeza bonyeza akaenda, na kabla hata afike steji laptopu yenyewe ikakosa intaneti. Siku mbili narudisha wateja. Kuna kijana wa HELB ilikuwa siku yake ya mwisho ya kutuma fomu, nikamwambia aende saiba ingine na ile sura aliniangalia nayo bado naikumbuka.

Jirani yangu wa M-Pesa ndio akanielekeza kwa huyu msichana, kibanda chake kiko Kondele karibu na flaiova. Alikuja na tuktuk jioni, amechelewa lisaa limoja na hiyo sikufurahia, lakini venye alifanya kazi ndio maana naandika. Hakuniuzia kitu. Alifungua ile skrini nyeusi kwa desktopu, akaandika ipconfig, akaniwekea kidole kwa skrini: "Mama, ukiona inaanza na 169.254 jua hii mashine imeomba namba ya netiweki ikakosa wa kuipea, ikajipea yenyewe. Shida iko kwa laptopu."

Akaenda kwa laptopu akaandika ncpa.cpl, zile netiweki zikatokea, na kumbe ile tiki ya kugawa intaneti iliwekwa kwa Ethernet, yaani upande wa waya, badala ya Wi-Fi! Yaani laptopu ilikuwa inatafuta intaneti kwa waya ndio iipeleke kwa waifai, kinyume kabisa, ndio maana zote mbili zilikauka. Akaitoa, akaangalia Wi-Fi inachukua namba yenyewe, laptopu ikarudi hewani. Halafu akafungua Wi-Fi, Properties, Sharing, akaweka tiki hapo, na kwa kisanduku cha chini akachagua Ethernet. Upande wa waya ukawa 192.168.137.1, desktopu nayo ikapewa namba inaanza hivo hivo 192.168.137, na eCitizen ikafunguka nikiwa nimesimama nyuma yake. Nilimshika bega nikamwambia asante mwanangu.

Kuhusu ule waya wa mia nane, alinieleza polepole kwamba kadi za netiweki za siku hizi zinajipanga zenyewe, waya wa kawaida ungetosha. Hiyo iliniuma.

Kesho yake stima ikapotea, betri ya laptopu ikaisha, kuwasha tena desktopu haina kitu. Nikampigia, hakuniambia ati nimeharibu, akasema hiyo ni tabia ya Windows inajulikana, ukirestati ile huduma ya kugawa haiamki. Akanishikia simu nikatoa tiki nikairudisha ikashika. Ijumaa akapitia bila kuitisha pesa ingine, akafungua services.msc akaweka ile huduma ya kugawa, Internet Connection Sharing, iwe Automatic, akaongeza kwa rejista ya Windows kitu inaitwa EnableRebootPersistConnection na namba 1. Akazima akawasha mbele yangu mara mbili. Tangu hapo stima imepotea mara tatu na kila asubuhi nawasha laptopu kwanza, nangoja kidogo, desktopu inapata.

Aliniambia ukweli pia, kwamba laptopu ikilala desktopu inakufa nayo, kwa hivyo akaizima isilale ikiwa kwa chaja, na siku nitataka desktopu ijitegemee ninunue kile kidude kidogo cha waifai cha kuchomeka kwa USB.

Nililipa mia saba na nauli ya tuktuk. Risiti hana, anakuandikia kwa karatasi. Jumamosi usiende, yeye ni Msabato hafungui, Jumapili yuko kutoka saa nne.