Vyombo vya jikoni vya zamani katika nyumba ya shamba: uzoefu wangu, Naliendele, Mtwara

Nianze na kilichonifurahisha kuliko vyote: kawa, vile vifuniko vya chakula vya ukili. Nimezitundika ukuta mzima wa sebule unaotazama barazani, kubwa kwa ndogo, na mgeni akiingia macho yake yanafika hapo kabla hajaketi. Nilizishonesha kwa akina mama wa kijiji kimoja cha pwani upande wa Mikindani, shilingi 7,000 kwa ndogo na 15,000 kwa ile pana ya kufunikia sinia. Kwa bei hiyo sijapata pambo lingine linalojaza ukuta vizuri namna hii.

Ukitaka kujua kawa nzuri, tazama kitovu chake. Iliyoshonwa na mkono uliozoea ina kitovu kigumu, kilichobana, na kutoka hapo ukili unazunguka bila kupanda wala kushuka mpaka ukingoni. Igeuze uangalie ndani: uzi usionekane ovyo, na ukibonyeza katikati irudi yenyewe. Mimi niliomba rangi mbili tu, nyeusi ya mdaa na rangi ya ukindu wenyewe. Mama aliyenishonea alinitazama kwanza.

“Mwanangu, hizo rangi za wazee. Siku hizi watu wanataka zambarau na kijani.”

“Hizo za wazee ndizo nizitakazo, mama.”

“Haya, basi uwe na subira. Mizizi ya mdaa mpaka ichimbwe, ichemshwe.”

Nilisubiri kweli, tena zaidi ya alivyoniahidi, lakini kazi ilipokuja haikuwa na dosari. Na mama alikuwa anaijua thamani ya anachokifanya. Kawa ya zambarau niliyokuwa nayo tangu zamani, iliyotiwa rangi ya dukani, imepauka upande unaopigwa na jua la dirishani. Nyeusi ya mdaa haijabadilika.

Nyumba yetu ni ya kawaida ya shamba: kuta za tofali zilizopakwa chokaa, bati juu, baraza ndefu mbele, mikorosho pande tatu. Wazo la kuipamba kwa vyombo vya jikoni nililipata kwenye picha za nyumba za mashambani za Marekani, zile zenye mbao nyeupe ukutani, ndoo za bati zilizowekwa maua, mizani ya zamani juu ya kabati, na zile chupa za kioo za Mason za kuhifadhia vyakula, ambazo hataza yake ilitolewa mwaka 1858 na watu mpaka leo wanazikusanya. Nilizipenda. Ila nilipoanza kuuliza bei ya vitu vya namna hiyo kwa wauzaji wa Dar es Salaam nikaona hapana, na zaidi ya bei nikajiuliza kwa nini nitundike chombo ambacho hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kukishika.

Kupamba kwa vyombo hatukufundishwa na picha za simu. Kilwa Kisiwani, hapo mkoani Lindi, upo msikiti mdogo wa kuba wa karne ya 15 ambao dari yake ilipachikwa bakuli za kauri. Nyumba za mawe za pwani zilikuwa na zidaka ukutani, na humo ndimo watu walimopanga sahani zao nzuri. Kwa hiyo nilichukua mpango wa zile picha, yaani ukuta mweupe, shelfu wazi, vyombo vionekane badala ya kufungiwa kabatini, nikaujaza vya kwetu.

Mikindani nilimpata mzee mmoja anayeuza vitu vya zamani uani kwake. Namsifu bila kusita. Hakuficha ufa wala kutu, na kila nilichokiinua alinieleza kilikuwa cha kufanyia nini na kama bado kinafaa kazi. Kwake nilinunua mbuzi ya nazi kwa shilingi 12,000. Mti wake umekuwa laini kwa kukaliwa, una mng'ao ule ambao hakuna vanishi inayoweza kuutoa, na pale paja linapoegemea pamebonyea kidogo. Meno ya chuma yalikuwa yamelika, fundi wa mtaani akayachonga upya kwa tupa. Inakaa ukutani imekunjwa, ulimi ukiangalia ndani ili watoto wasijikate, na siku ya wali inashuka, tunakunia nazi, inaoshwa, inarudi mahali pake. Kifumbu kipo pembeni yake kwenye msumari mmoja na upawa wa kifuu.

Mzee huyo pia alikuwa na debe la bati zito, akasema lilitoka Nachingwea enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951. Huenda ni kweli. Debe halina maandishi yoyote, na mimi nililichukua kwa sababu halijatoboka na lina vishikio viwili imara. Nawashauri mnaonunua vitu vya namna hii: lipia chombo, hadithi ichukue kama nyongeza.

Vyungu ndivyo vilivyonigharimu nauli. Nilivifuata Newala, kwa mama mfinyanzi ambaye bado anafinyanga bila gurudumu, kwa mkono na kigunzi cha hindi, kisha anachoma uwanjani kwa kuni na nyasi. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alikaa huko Newala na kuangalia wanawake wakifinyanga, na vyombo vingi alivyokusanya kusini viliishia kwenye makumbusho ya Leipzig. Nilipomwona huyu mama akizungusha kigunzi tumboni mwa chungu kibichi, udongo ukipanda na kutanuka chini ya vidole vyake, niliona fahari kwamba kazi haijaondoka pamoja na vile vyombo. Uwanda wa Makonde ni wa shida ya maji tangu zamani, wanawake walikuwa wakiteremka mabondeni kuyafuata, na ndiyo maana mtungi wa huko una shingo nyembamba na tumbo kubwa. Umbo hilo linapendeza macho kwa sababu kila sehemu yake ina kazi.

Nilichukua mtungi mmoja mkubwa, vyungu vitatu vya mboga na kikaango. Mtungi upo barazani juu ya kata ya majani makavu, una maji ya kunywa, na hata jua la Novemba maji yake ni ya baridi. Vyungu viwili nimeviacha shelfuni. Kimoja tunapikia kisamvu, na kabla ya kukitumia nilichemshia uji mwembamba wa muhogo, nikauacha upoe humo humo ili vinyweleo vya udongo vizibe. Ukiruka hatua hiyo chungu kinavuja jasho na kinapasuka mapema. Kusafirisha ni kazi: kwenye basi nilivipakata, na vingine nikavijaza majani ya migomba. Mfinyanzi mwenyewe ndiye aliyevifunga, na hakuna hata kimoja kilichovunjika.

Vyombo vya enameli, vile vyenye maua ubavuni, vinapatikana minadani kwa bei ndogo na vinang'arisha shelfu kuliko kitu chochote. Birika la bluu, masinia mawili, vikombe vya chai vyenye ukingo mweusi. Hapa nina tahadhari moja. Enameli ya zamani yenye nyekundu au njano kali ndani huweza kuwa na risasi au kadimiamu, na iliyobanduka inashika kutu. Vyangu vyote vya namna hiyo ni vya kutazamwa, havipikiwi wala havitiwi ndimu au ukwaju.

Shaba ndiyo iliyoniudhi. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitumia deli la kahawa akiliita la shaba tupu, la zamani, bei shilingi 85,000. Lilipofika nikaweka sumaku ubavuni, ikang'ang'ania. Shaba haishikwi na sumaku, wala shaba nyeupe haishikwi. Lilikuwa chuma kilichopakwa, na chini ya mpini rangi ilikuwa imeanza kutoka. Niliandika, nikapiga simu, hela haikurudi. Siku hizi sumaku ndogo haikosi kwenye pochi yangu, na wauzaji wa kweli hawachukii ukiitoa.

Shelfu nilitengenezewa na seremala wa hapa kwa mbao za mkongo, nene, bila milango. Mkongo ni mzito na ghali kidogo, lakini huku kwetu mchwa hawana huruma na mbao laini. Miguu ya kabati la chini, ambayo ni ya mbao nyingine, tuliipaka mafuta ya maganda ya korosho. Yanazuia mchwa vizuri mno. Tahadhari: mafuta hayo yanababua ngozi, kila aliyewahi kubangua korosho anajua, ndiyo maana wabanguaji hujipaka jivu au mafuta mikononi. Paka nje, vaa glovu, acha yakauke kabisa, na usiyaweke kamwe kwenye chombo cha chakula.

Adui mkubwa zaidi ni unyevu. Mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kipindi hicho kawa inaota ukungu wa kijivu ukiisahau. Ninazishusha kila jua linapotoka, nazianika kichwa chini, napangusa kwa kitambaa kikavu. Vigingi vya kutundikia viwe virefu kidogo ili hewa ipite kati ya kawa na ukuta; seremala alifupisha vya kwanza, akavibadilisha bila kudai nyongeza. Kinu kikuukuu nilichoweka mlangoni kilikuwa kinadondosha unga wa bungua. Kwa kuwa hakitwangiwi tena, nilikipaka mafuta ya taa kwenye kila kitundu, nikakifunga kwenye nailoni mpaka unga ukakoma. Kinu cha kutwangia usikifanyie hivyo.

Halafu kuna mapambo ya misimu, na hapa ndipo nyumba inapochangamka. Baada ya mavuno, mwezi wa sita na wa saba, nafunga masuke ya mtama mafungu mafungu, nayaning'iniza vichwa chini kando ya vyungu. Kuku wakiyafikia yamekwisha, kwa hiyo yakae juu. Vifuu vya ubuyu tunavipasua kwa msumeno nusu kwa nusu, tunavisugua ndani kwa msasa, na vile vinyweleo vyake vya nje, laini kama mahameli, tunaviacha. Kimoja kina chumvi, kingine kina mishumaa ya siku umeme unapokatika. Wanangu wanavipenda kuliko bakuli yoyote ya dukani, na ni kazi wanayoweza kuifanya wenyewe isipokuwa kukata.

Msimu wa korosho, ndoo ya bati ya barazani inajaa korosho ghafi zilizokauka na maganda yake, kwa kutazama tu, na wageni wanaonywa wasizing'ate. Gunia jipya la juti tunalifanya kitambaa cha meza. Maulidi na Idi tunasuka makuti mabichi kwenye nguzo za baraza. Yanakaa kijani siku chache tu, lakini harufu yake ile ya asubuhi ya kwanza inatosha. Jirani zetu Wakristo wanaifanya kazi hiyo hiyo mwezi wa Desemba, na mkrismasi wa njiani ukichanua wanakata matawi yenye maua mekundu wanayaweka kwenye mabirika ya enameli. Birika langu la bluu limeshaazimwa kwa ajili hiyo, nami nililitoa kwa furaha.

Je, nawashauri wengine? Mwenye nyumba ndogo yenye kuta za kupumua na mtu wa kuvipangusa vyombo mara kwa mara, ndiyo, kwa moyo wote. Kwa fedha ambazo zingenunua kabati moja la kioo kutoka dukani nimepata ukuta, shelfu na baraza, na sehemu kubwa ya fedha hiyo imebaki kwa watu wa Mtwara waliotengeneza vitu hivyo kwa mikono yao. Kwa chumba cha kupanga mjini ningeanza na kawa tatu na mbuzi moja, basi. Mtungi wa maji unahitaji nafasi yenye upepo, ukiubana kwenye kona ya chumba hauchuji joto.

Kama unataka kuagiza kazi ya ukili, peleka oda yako mwezi wa saba au wa nane. Ikifika Oktoba akina mama wako chini ya mikorosho kuokota tangu alfajiri, hakuna anayeshika sindano, na ukindu uliokatwa wakati wa kiangazi ndio unaokauka vizuri. Lipa nusu mkononi, nyingine ukipokea. Mimi yangu ya mwaka huu nimeshaipeleka: msala mmoja wa rangi za wazee na kawa pana mbili, moja yangu, moja ya mama mkwe wangu aliyeko Lindi, ambaye kila akija anaishusha ile ya katikati na kuigeuza kuangalia ndani.