Nusu siku baharini Pangani: tathmini ya safari ya ngalawa

Mwanzoni mwa Machi tulikuwa watatu mjini Pangani, na mwenyeji wetu alitushauri tusiondoke kabla ya kwenda kuvua na mzee mmoja ambaye mtaani anajulikana kama mpiganaji wa Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin vya 1978 na 1979. Sifa hiyo ya vita ndiyo iliyotuvutia, nami nakiri kwamba tulikosea kuanzia hapo, kwa kuwa anayelipia ngalawa hii akitarajia kusimuliwa mapigano ya Masaka, Uganda, atarudi mikono mitupu. Kinachouzwa ni uvuvi wa mshipi na chakula cha mchana.

Tulikuwa tumeagizwa tufike ufukweni saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukafika dakika kumi baadaye. Mzee aliitikia shikamoo zetu, akatazama mkondo wa mto, kisha akatueleza kwa upole kwamba maji ya kupwa ndiyo yanayokitoa chombo nje ya mlango wa mto, na kwamba hayana desturi ya kumngoja mteja. Kabla ya kupanda alituhesabu, akahesabu majaketi ya kuokolea maisha, madumu ya maji na ndoana, akamkagua kijana wake aliyefunga kamba za matengo, yaani mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke, na fundo moja akaamuru lifungwe upya. Nimewahi kupanda boti za kitalii zenye mashine mbili ambazo hakuna aliyejua idadi ya abiria wake, kwa hiyo nililiona jambo hili kuwa na thamani kuliko nauli yote.

Upepo wa kaskazi ulikuwa umelegea, na tanga lilitufikisha kwenye miamba tulipoanza kuvua kabla jua halijawa kali. Mzee hufundisha kwa maneno machache: chubwi, yaani kizito cha mshipi, ikigusa chini uinue mkono mara moja, mshipi usiuzungushe kiganjani, na samaki akidonoa usikurupuke. Tulipata changu tisa na chewa mmoja, ingawa ukweli ni kwamba sita kati ya hao walivuliwa na kijana wake. Ilipokaribia saa nne fungu la Maziwe, kisiwa cha mchanga mtupu, lilianza kujitokeza majini, nasi tukalipita bila kushusha ndoana hata moja, kwa kuwa eneo hilo limetengwa tangu 1975 na uvuvi hauruhusiwi. Alituonyesha kwa mkono mahali ilipokuwa mivinje alipokuwa kijana. Leo hakuna mti hata mmoja, na maji yakijaa mchanga wenyewe hufunikwa.

Habari za vita zilikuja mara mbili tu, na zote alizianza yeye. Kwanza alisema kwamba alichukuliwa kutoka mgambo mwaka 1978, na kwamba daraja la Kyaka la kuvukia mto Kagera lilipokuwa limelipuliwa na majeshi ya Amin, yeye mtoto wa pwani alistaajabu kuona wenzake wa bara wakiuhofia mto huo kuliko risasi. Mara ya pili ni pale mwenzetu alipouliza kuhusu uvuvi wa baruti, ambao kwa miaka mingi umeharibu matumbawe ya pwani ya Tanga. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba aliyewahi kuona bomu linavyoufanya mwili wa mtu hawezi kulitupia samaki. Alirudi kijijini baada ya vita, akashika mshipi ambao baba yake alikuwa ameuacha, na tangu hapo hakutafuta kazi nyingine. Mwenzetu alipojaribu kumrudisha kwenye Kampala ya Aprili 1979, mji huo ulipotekwa, mzee alimwambia, "Mwanangu, tazama mshipi wako," na ikawa basi.

Yapo ya kulalamikia. Hakuna kivuli chochote ndani ya ngalawa, na asiye na kofia ataungua, jambo ambalo tungepaswa kuambiwa usiku uliotangulia. Tulikubaliana shilingi 60,000 kwa watu watatu, lakini tuliporudi ikaongezwa 10,000 ya chambo ambayo haikutajwa. Si fedha nyingi, ila bei ni bora itajwe nzima mapema. Chakula nacho, kinachopikwa na mkewe uani, kilichukua zaidi ya saa moja na nusu tangu samaki waliposhushwa, na tulikuwa hatujala tangu alfajiri isipokuwa andazi moja kila mtu.

Hata hivyo sahani ilipofika malalamiko yalikwisha. Changu walikuwa wamechanjwa, wakapakwa ndimu, chumvi na pilipili, wakachomwa juu ya moto wa vifuu, na wali wa nazi ulikuwa umekolea bila kuwa na mafuta ya kuchosha. Mchuzi wa chewa ulizidi chumvi kidogo kwa ulimi wangu, lakini wenzangu waliufuta kwa vidole.

Anayetaka kwenda aulize kwanza siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kwa sababu ndizo zinazolifanya fungu la Maziwe lionekane vizuri, na asibishane akiambiwa kwamba safari haipo. Kusi ikivuma kwa nguvu mzee hatoki, hata kwa malipo maradufu. Jirani yake alituambia kwamba mwaka jana kundi moja la wageni lilimbembeleza asubuhi nzima, naye akawakaribisha chai.