FL Studio na paki za logidramu: miaka tisa ndani, na jibu langu kwa wanaosema mziki wa kuchezeka umeisha ladha

Wakuu habari za muda. Kuna paki ya sampo, yani vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari vya kutengenezea biti kwenye kompyuta, nilinunua mtandaoni mwaka huu, muuzaji simtaji, ni paki ya amapiano, ule mziki wa kuchezeka wa Sauzi, ina lupu (vipande vya kujirudia) zaidi ya mia mbili, logidramu (besi ya amapiano), sheka za kutikisa, vinanda, sauti za kuitikia, kila kitu kishakatwa na kupangwa, yani kazi yako ni kuburuta na kuweka. Ndani ya wiki mbili nikawatengenezea wasanii watatu biti tatu. Sasa mjomba wangu anakaa chumba cha pili, ukuta wetu mmoja, na zamani alikuwa anapiga besi kwenye bendi za dansi, sio zile bendi kubwa lakini alipiga kweli kweli na sikio lake halijazeeka. Siku naifanya ya tatu akagonga mlango akaniambia, "Mjomba, hii nyimbo ya yule kijana haiishi tu? Wiki ya pili hii."

Nikamwambia hizi nyimbo tatu mjomba, za watu watatu. Akaingia akakaa kitandani akasema haya nipigie zote. Nikapiga moja, nikapiga ya pili, ya tatu sikuimaliza. Nilisikia alichokuwa anasikia yeye ukutani.

Ndo maana naandika, na ntaongelea vitu viwili pamoja, programu yenyewe ya FL Studio ninayotengenezea mziki na hizi paki za sampo zinazouzwa kwa ajili yake, maana watu wanavichanganya alafu lawama zinaenda kusiko. Kila siku nasikia kompyuta imeua mziki, eti zamani watu walipiga ala siku hizi wanabonyeza tu. Mi nabonyeza huu mwaka wa tisa na siamini hivyo hata kidogo.

Tuanze na programu. FL Studio inatengenezwa na Image-Line ya Ubelgiji, ilianza 1997 ikiitwa FruityLoops na wazee wa kazi mpaka leo wanaiita fruti lupsi. Nilianza nayo kwenye laptop ya RAM 4, ilikuwa inapumua kwa shida nikiweka plagini nyingi, yani vyombo vya ziada vya ndani ya programu, lakini kazi ilitoka. Kitu kinachonifanya nisihame ni piano roli yake, ile sehemu ya kuchora noti, hamna programu nyingine niliyojaribu inayokuachia uhuru ule, unachora besi inateleza kutoka noti hii kwenda ile kama mtu anayevuta kidole kwenye waya. Na ukishanunua umenunua, matoleo mapya unapata bure maisha yako yote, na kwa sisi ambao dola ni mlima hilo ni jambo kubwa mno. Kuna ya majaribio pia, unatengeneza unahifadhi vizuri tu, ila ukifunga huwezi kuifungua tena kazi yako mpaka ununue, hilo wengi hawajui wanakuja kulia usiku wakiwa na kazi ya mteja. Kingine, wakati nanunua mimi toleo la chini kabisa lilikuwa halirekodi sauti, ikabidi nichukue la Producer ambalo lilikuwa linakaribia dola 200, kwahiyo soma vizuri kila toleo lina nini kabla hujatoa hela.

Sasa mambo ya logidramu. Ile besi ya amapiano inayogonga kama mtu anapiga gogo ndani ya pipa, chanzo chake ni priseti, sauti iliyopangwa tayari kiwandani iliyokuwa imelala ndani ya hii hii FL miaka na miaka bila mtu kuitilia maanani. Vijana wa mitaa ya Johannesburg na Pretoria ndo waliiamsha, na anayetajwa sana kuianzisha ni prodyuza MDU aka TRP. Fikiria hilo jambo vizuri. Sauti ilikuwa kwenye kompyuta za dunia nzima, kila prodyuza alikuwa nayo, ila ni wao walioichukua wakaipa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuipa, wakaichanganya na vinanda vya jazi na mwendo wa kwaito, mziki wa mitaani wa huko huko Sauzi, na hausi ya taratibu, mapigo kama 112 hivi kwa dakika, wakawa wanatumiana kwenye WhatsApp na kupiga kwenye taksi zao kabla redio hazijashtuka. Mpaka leo nikisikia kazi za prodyuza wa amapiano Kabza De Small za kipindi kile cha 2019 na mwenzake DJ Maphorisa nywele zinanisimama. Kwahiyo asije mtu akasema amapiano ndo tatizo. Wale walivumbua, sisi tumenunua paki.

Na paki ndo ninayoipiga mawe leo. Ubora wa sauti wa ile niliyonunua ni mzuri, sitadanganya, safi, besi imejaa, hata kwenye simu inasikika. Lakini kila lupu imeshafanyiwa maamuzi yote. Wapi besi iteleze, wapi sheka ikae kimya, wapi kinanda kiingie, mtu ameshaamua kwa niaba yako, na ameamua hivyo hivyo kwa niaba ya maelfu wengine walionunua. Mmoja kati ya wale wasanii wangu alipandisha wimbo wake likaja dai la hakimiliki, kuna mtu nchi nyingine kabisa alishachukua lupu ile ile ya kinanda akaisajili kama yake. Dogo akanipigia usiku anauliza "bro umeniuzia biti ya wizi?" Iliniuma sana jamani. Hela nilimrudishia na biti nikamtengenezea upya bure, na muuzaji nilimwandikia mara tatu hajajibu mpaka naandika hapa.

Sasa turudi kwa mjomba. Baada ya zile nyimbo tatu akaniuliza, "Nyie mtindo wenu unaitwaje?" Nikamjibu amapiano. Akasema hapana, hiyo ya watu wa Sauzi, nauliza ya kwako wewe.

Ambao hamkukulia kwenye hizi habari, bendi za dansi hapa kwetu Tanzania kila moja ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Western Jazz walikuwa na Saboso. Tabora Jazz na Segere Matata. Vijana Jazz na Pambamoto. Maquis walikuja na Kamanyola. Mlimani Park iliyoanzishwa 1978 ikachukua jina la Sikinde kutoka kwenye ngoma ya Wazaramo, na wapinzani wao NUTA Jazz ya 1964, iliyobadilika jina mara kadhaa, mpaka leo watu wanaijua kama Msondo. Wote walikuwa wanapiga rumba iliyotoka Kongo, ambayo nayo ilikula sana kwenye santuri za Kuba, kwahiyo hakuna aliyezua kitu kutoka hewani. Magitaa yale yale, besi ile ile, tarumbeta, ngoma. Ila mjomba anasema ulikuwa ukipita barabarani usiku, hujaona bango wala hujalipa mlangoni, kwa gitaa la solo tu unajua humu leo yupo nani. Bendi ikifanana na nyingine mashabiki wanaikimbia, na ilikuwa biashara vile vile, watu walilipa kiingilio na bia zikauzwa. Wanaosema biashara ndo inaua ubunifu waelewe hilo, kule biashara yenyewe ndo ilikuwa inakulazimisha utofautiane.

Leo inakulazimisha ufanane. Msanii anakuja na simu ananiwekea wimbo unaotamba anasema kaka nataka kama hii. Nikimuuliza tubadilishe hata besi anaogopa, maana katunga kwa kujinyima, hela ya studio kaitoa kwenye bodaboda, hawezi kuibahatisha kwenye kitu ambacho hakijathibitishwa. Simlaumu kabisa. Akipeleka kwa DJ, DJ anataka wimbo unaoshonana na uliotangulia, kama seti nzima ipo kwenye 112 wewe ukija na mwendo wako unamvunjia watu dansi. Alafu kuna kale kapande ka sekunde 15 ka kuchezea chalenji mtandaoni, kila mtu anatunga kale kwanza ndo wimbo ufuate. Unaona mnyororo ulivyo, hamna mtu mbaya hata mmoja hapo katikati, ila mwisho wake mi nimekaa natoa wimbo mmoja kwa watu watatu.

Na vifaa vya bei rahisi havijawahi kuzuia mtu, mifano ninayo. Mziki wa mchiriku wa uswahilini hapa Dar, Jagwa Music na wenzao, walichukua vikinanda vidogo vya Casio ambavyo vimejaa priseti za kiwandani wakavipitisha kwenye spika zinazokoroma wakatoa kitu ambacho Casio wenyewe wasingekiota. Jamaika 1985 riddim (mdundo wa rege) ya Sleng Teng ilitoka kwenye Casio MT-40, mdundo wa kiwandani, ikageuza rege nzima. Kuna mashine ya Roland inaitwa TB-303, iliundwa imsaidie mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake apate besi, ikadoda sokoni, vijana wa Chicago wakaiokota kwa bei ya kutupwa wakaanza kuzungusha vile vitufe vyake na 1987 dunia ikaanza kusikia esidi hausi, aina mpya ya mziki wa klabu. Alafu singeli, jamani singeli! Mapande ya taarabu yanakimbizwa mpaka mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, MC anaghani juu yake kwenye kigodoro mpaka asubuhi, kwenye kompyuta za kawaida tu kama yangu. Ile albamu ya mkusanyiko ya Sisso Studio ya Mburahati, Sounds of Sisso, iliyotolewa 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilipeleka vijana wa Mburahati kwenye majukwaa ya Ulaya, na hawakwenda kule kwa kuiga mtu. Ingawa nayo singeli ya redioni sa hivi imeanza kuchoka, mapande yale yale yanazunguka kila wimbo, naumia kulisema ila ndo ukweli.

Kwahiyo FL haina kosa? Kosa inalo, moja, na nimeligundua baada ya kubishana na mjomba. Ukiifungua unakuta vibox 16 mbele yako, vimepangwa vinne vinne, vinakusubiri. Kichwa kinafuata vibox. Sasa ngoma zetu nyingi za pwani haziendi nne nne, chakacha inaenda kwa tatu tatu, ule mwendo wa kiuno hauwezi kukaa kwenye vile vibox ukabaki ulivyo, unaunyoosha unakuwa kitu kingine. Kuanzia FL 20 ya 2018 unaweza kubadilisha hesabu ya mapigo ukaipanga unavyotaka, uwezo upo kabisa, ila upo ndani ndani kwenye mipangilio na miaka yote hiyo sikuwahi kuugusa. Maprodyuza ninaowafahamu niliwauliza, mmoja tu ndo alishawahi. Hilo nawapunguzia maksi Image-Line, wangetuwekea pale mbele tunapoanzia kazi.

Nilichofanya ni hiki. Ile paki nimeitoa kwenye hard disk. Nikaenda kwenye shughuli ya jirani nikaomba kurekodi wanawake wakigonga chupa kwa kijiko na vigelegele vyao, waliniruhusu na wakanisahihisha nilipokuwa nahesabu vibaya. Nikaweka hesabu ya tatu tatu, besi nikaichora noti kwa noti kwa kumsikiliza mjomba akiimba kwa mdomo maana gitaa lake aliliuza zamani, na ndiyo, nimetumia ile ile priseti ya logidramu ila nimeishusha na kuikata fupi inapumua kama mtungi. Ilinichukua siku kumi na moja. Biti za paki nilikuwa namaliza kwa masaa matatu.

Wa kwanza kumsikilizisha alikataa, akasema DJ hataipiga. Wa pili akaomba niirudie mara nne akaanza kuchezea mlangoni hajavua hata begi, akaniachia advansi.

Maksi zangu. FL Studio naipa 9 kwa 10, inunue ukiweza, anza na ya majaribio, laptop yenye RAM 8 itakupunguzia mateso. Paki naipa 3 kwa 10 na hizo 3 ni za usafi wa sauti. Ukinunua paki yoyote ile chukua zenye sauti moja moja, pigo moja, noti moja, achana na zenye lupu nzima, na soma leseni mpaka mwisho kabla hujamuuzia mtu biti.

Na kwa mtakaouliza zile chupa nimezirekodije, ni simu tu, programu ya kawaida ya kurekodi sauti, mita moja hivi kutoka kwenye chupa, feni imezimwa na mziki wa shughuli wameupumzisha dakika tano. Tafuta chupa zenye maji viwango tofauti, moja robo, moja nusu, moja tupu kabisa.